Kiswahili Kilichozima Vichekesho

Juzi mchana niliingia mkahawa mmoja wa Kisenyi, mtaa wa jijini Kampala, runinga ikionyesha vichekesho. Mchekeshaji alikuwa amejifunga mto tumboni, akimwiga mheshimiwa anayehutubia saa nzima kuzindua choo cha shule. Watu walicheka hadi chai ikawapalia.

Nikamwambia mwenye mkahawa, "Mama, naomba chai ya maziwa na chapati mbili, tafadhali."

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimesahau kwamba Kampala, Kiswahili kilichonyooka hudhaniwa ni cha askari. Mama akashika rimoti, akahamishia kwenye mpira, kisha akaniletea chai kwa mikono miwili.

"Afande, sisi hapana cheka mheshimiwa," akasema. "Sisi nacheka tumbo tu."

"Mama, mimi mwandishi wa gazeti. Kwetu Mombasa!"

Hakuna aliyeniamini. Ndipo mwanamume wa meza ya pembeni, ambaye hakuwa amecheka hata mara moja, akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama, usiogope," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Huyu si mwenzetu."

Chapati niliziacha. Siku hizi mheshimiwa akiigizwa hadharani, kabla sijacheka namtafuta kwanza asiyecheka.