Kayamba Shambani kwa Romana

Romana, ambaye Nangara nzima humwita Mama Allen, havumilii gugu hata moja. Mahindi yake huyapanda kwa kamba, na mbolea huiweka shimo kwa shimo kwa kijiko, huku akiligombeza jua. Ndiyo maana huvuna kuliko majirani.

Mwaka huu kipande cha shamba kilichochoka alikipanda soya kwa mara ya kwanza. Ikafunika ardhi kwa kijani kizito, na kila asubuhi alisimama katikati yake kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha kiangazi kikaingia, majani yakageuka njano, yakapukutika yote.

"Nimeiua," alisema, akalifungia jembe stoo. Aliyethubutu kumpa pole alifukuzwa.

Siku moja jirani yake, Mama Kindness, akasimama mlangoni na mzigo wa kuni. "Mama Allen, hivi nani anapiga kayamba shambani kwako?"

Romana akaenda mbio, tayari kumtimua mtu. Hakukuwa na mtu. Upepo ulitoka upande wa ziwa, ukapita kwenye mashina makavu, na shamba zima likalia taratibu, kila ganda na punje zake. Akapasua ganda moja. Soya ngumu, za duara, zimekomaa. Kumbe soya hujivua majani yenyewe ikiwa tayari kuvunwa.

Akaketi juu ya majani yale aliyoyalilia, akafumba macho.

"Umemwona?" Mama Kindness aliita kutoka njiani.

"Hebu nyamaza, mwenzio nasikiliza!"