Mahindi Yalikufa Kwanza

Rozalia hakuzaliwa mchoma mkaa. Alizaliwa kwa watu wa mahindi, akaolewa kwa watu wa mahindi, na kama mvua zingeendelea kunyesha kama zilivyonyesha wakati anaolewa, angezeeka na jembe mkononi na jina lake lisingetajwa mkutanoni hata siku moja. Shamba lake na mumewe Sosthenes lilikuwa karibu na mto, katika kijiji kimoja cha njia ya Idodi, mkoani Iringa, pale ambapo magari ya watalii hupita yakielekea hifadhini na kuacha vumbi juu ya majani. Juu walilima mahindi, chini kwenye majaruba wakapanda mpunga kidogo. Utajiri haukuwapo. Shibe ilikuwapo, na mwaka ukiwa mzuri ilikuwa shibe yenye mbuzi.

Kisha mvua zikaanza kuwachezea watu. Msimu mmoja zilichelewa mpaka mbegu zikaliwa na panya ardhini. Msimu uliofuata ziliwahi, mahindi yakafika kiunoni, halafu jua likashika wiki baada ya wiki mpaka majani yakajikunja na kulia kama makaratasi upepo ulipopita. Baada ya hapo mto wenyewe ukakauka, ukabaki mchanga mtupu tangu Septemba, na tembo wakaanza kutoka hifadhini kutafuta chochote chenye maji ndani yake, hata kama ni mabua. Asubuhi moja Sosthenes alikuwa shambani akilinda, na debe lake la kupigia kelele. Tembo jike aliyetokea hakuogopa debe. Alimsukuma Sosthenes mara moja tu, kama mtu anavyosukuma mlango, nyonga ikavunjika.

Hospitalini Tosamaganga walimuunga kadiri ilivyowezekana. Alirudi nyumbani na magongo, na kuanzia hapo kazi yake ikawa kukaa barazani kwenye kigoda, kupukuchua kilichopo kupukuchuliwa, na kusali rozari, akisema yote ni mapenzi ya Mungu. Mtoto wao wa pekee, Silvester, alikuwa ameshaondoka zamani kwenda Mbarali, huko Mbeya, kibarua kwenye mashamba ya mpunga. Alipopiga simu alisema huko nako watu wanashinda kwenye mifereji wakilindana, kila mmoja anamshuku mwenzake kwa kuiba maji.

"Kwa hiyo hutarudi?" mama yake aliuliza.

"Nirudi nile nini, mama?"

Msimu uliofuata, mahindi yalipokufa tena yakiwa urefu wa goti, Rozalia akachukua shoka la mumewe.

Wachomaji walikuwa wengi pale kijijini, hilo kila mtu alilijua. Ila wenzake walikuwa wanaume, walikwenda porini mbali wakalala huko huko. Rozalia alikuwa na mume asiyeweza kujiinua kitandani bila mkono wa mtu, kwa hiyo alichoma karibu, nyuma ya kilima kidogo kilichotazamana na barabara. Alijifunza kupanga magogo, kuyafunika kwa nyasi na udongo, kuacha matundu ya kupumulia, kisha kulitazama tanuru kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Magunia aliyapanga barabarani, magari ya Iringa mjini yakayabeba. Wakapata unga. Moshi wake, lakini, ulionekana na kijiji kizima.

Sosthenes hakuipenda kazi ile, ingawa aliila. "Miti hii hatukuipanda sisi," alisema siku moja akimtazama mkewe akinawa mikono isiyotakata.

"Na njaa hii hatukuipanda sisi," Rozalia akamjibu. Wakaishia hapo, maana walikuwa watu wa kupendana na hawakuwa na nguvu ya kugombana.

Ndipo ikaja semina.

Mtaalamu alitoka mjini, dada mmoja mpole aitwaye Anjela, akakusanya watu katika darasa la shule ya msingi, wakabanana kwenye madawati ya watoto. Akawaeleza kwamba dunia nzima inapata joto, si Idodi peke yake. Akasema moshi wa viwanda na magari, na miti inayokatwa na kuchomwa, vinaifunika dunia kama blanketi, joto linashindwa kutoka. Na wanaofanya hivyo, alisema, ni sisi wanadamu.

Aroni, mwenyekiti wa kijiji, akasimama. Alikuwa pia mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa sauti nzito aliyezoea kusikilizwa. "Dada yetu, karibu sana," alisema. "Lakini hapo umetuacha njiani. Mwanadamu ni nani hata ageuze mbingu? Mvua ni ya Mungu. Akifunga amefunga, akifungua amefungua. Ukame ulikuwapo hata enzi za mababu, na hawakuwa na gari hata moja."

Watu wakaguna kukubali. Mwalimu Isakwisa, kijana wa Kinyakyusa aliyefundisha jiografia, akanyoosha mkono. Alisema ukame wa zamani ulikuja na kuondoka, ila huu wa sasa una mwendo mwingine, na wanaopima joto miaka nenda rudi wameuona. Alisema kwao Tukuyu, alipokuwa mdogo, walikwenda shule wakitetemeka kwa baridi na ukungu, na siku hizi bibi yake anaanika shuka zikakauka kabla ya chakula cha mchana. "Mungu ameweka kanuni," alisema. "Ukiweka sufuria juu ya moto, maji yatachemka. Hatusemi Mungu ndiye ameyachemsha."

Wakabishana asubuhi nzima. Mmoja alisema ni dhambi za watu, mwingine akasema ni mabomu ya wazungu, mwingine akasema ni minara ya simu. Rozalia alikaa nyuma, akisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza mahubiri, kwa sababu kwake hayakuwa mazungumzo. Alitaka kujua ni nani aliyemuua Sosthenes angali hai pale barazani. Mwishowe akasimama.

"Naomba kuuliza. Unasema ni wanadamu. Wanadamu wepi?"

Anjela akamgeukia. "Sote, mama. Ila si kwa kipimo kimoja. Nchi za viwanda zimechafua zaidi, tena zaidi sana. Sisi mchango wetu ni mdogo. Lakini hatuwezi kukaa tu, tuanze na kile kilicho ndani ya uwezo wetu. Kwa mfano, mkaa."

Alisema neno lile bila ubaya wowote, hakumjua Rozalia wala moshi wake. Lakini vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, mpaka darasa zima likawa linatazama mikono yake. Rozalia akaketi, akaificha chini ya kanga.

Baada ya semina watu wakanywa soda, mtaalamu akaondoka, na jambo la ajabu likatokea. Yale ya viwanda na nchi za mbali yaliyeyuka njiani kabla watu hawajafika majumbani. Kilichobaki ni mkaa. Na aliyeushika kwa mikono miwili ni Aroni mwenyewe, yule aliyesema mvua ni ya Mungu. Labda alichoka kuulizwa na waumini wake kwa nini Mungu anawaadhibu. Jibu lenye nyumba na jina ni rahisi kulibeba kuliko jibu lililoko mbinguni. Mkutano ukaitishwa, na marufuku ya kuchoma mkaa ikapitishwa, jina la Rozalia likitajwa. Wachomaji wa porini hawakutajwa. Walikaa pembeni wamekunja mikono, wengine wakapiga hata makofi.

Wakati wa maoni, kabla marufuku haijapitishwa, Eveline alisimama. Eveline na Rozalia mashamba yao yalipakana, walikopeshana mbegu, walisaidiana wakati wa kujifungua. Mwaka ule Eveline alikuwa ameuza ng'ombe wake wa mwisho.

"Mimi simchukii mama Silvester," alisema akitazama sakafu. "Ni ndugu yangu. Lakini kila nikitoka mlangoni naona moshi, na kila nikitazama juu sioni wingu. Na mimi nina watoto."

Mwenyekiti akamwuliza Rozalia kama ana neno.

"Ninalo," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akakohoa, akaanza tena. "Mnasema mahindi yalikufa kwa sababu ya mkaa wangu. Mahindi yalikufa kwanza. Yalikufa tukiwa wote tuna majembe, miti yote imesimama pale kilimani, mnakumbuka. Mto ulikauka, tembo akaja, mume wangu akavunjika. Ndipo nikashika shoka. Sasa mtu aliyekuja mwisho anawezaje kuwa ndiye aliyeanza?"

Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba neno lile limeingia. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Lakini hata huo mwisho ni kosa," na watu wakapumua, wakashukuru kupata pa kutokea.

Mgambo walifika siku ya pili yake. Tanuru lilikuwa linaelekea kuiva, moshi umeanza kuwa wa bluu. Wakalifumua kwa majembe. Hewa ilipoingia magogo yakashika moto mara moja, mwekundu, mkali, na kazi ya majuma ikawa majivu mchana kweupe. Rozalia alisimama akatazama mpaka mwisho. Hakulia wala hakutukana. Jioni alipoulizwa na Sosthenes kama amebakiwa na chochote, akasema shoka limebaki.

Akatii. Wengine walisema ataanza tena kwa siri, hakuanza. Kama alivyomwambia mumewe, alitaka kuona kama mvua itarudi. Ndani yake kulikuwa na kona moja iliyowaamini wanakijiji: huenda kweli ni yeye, na kama ni yeye basi kuna dawa, na dawa yenyewe ni kuacha. Katika miezi ile walikula mlenda na uji mwepesi, na alikuwa akitoka nje alfajiri kutazama upande wa milima. Malori yenye kibali yaliendelea kupita barabarani yamejaa magogo. Aliyahesabu kuwa ya watu wengine, akaendelea kutazama juu.

Mvua ilikuja Januari. Ilikuja yote kwa pamoja, mchana mmoja na usiku wake, ikateremka kutoka milimani na maji mekundu, ikachukua mbegu, ikachukua udongo wa juu, ikajaza majaruba mchanga. Kisha ikakata. Machi ilipofika shamba lake lilikuwa na nyufa za kuingiza mguu.

Akaenda shuleni kumtafuta mwalimu Isakwisa. Alimkuta ofisini anasahihisha madaftari, akamwamkia, wakaulizana habari za nyumbani.

"Mwalimu, nina swali moja, unijibu kama ungemjibu mama yako. Kama nisingechoma hata gunia moja tangu nizaliwe, mvua ingekuja?"

Isakwisa aliweka kalamu chini. "Hapana, mama."

"Na kama kijiji kizima kisingechoma?"

"Kilima kingekuwa na miti. Udongo usingeondoka wote vile. Lakini joto hili, na mvua hizi kuyumba, hapana. Hata Iringa nzima ikiacha leo, halitasikia. Wenye kulizuia hawako hapa, na wengine wao bado wanabishana kama lipo."

"Kwa nini hukusema mkutanoni?"

"Niliogopa watasema, kama si sisi, basi tukate miti yote."

Rozalia akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira naye. Aliona kuwa kijana amesema kweli mara zote mbili, darasani na hapa, na kwamba kweli zote mbili hazina unga ndani yake. Akamshukuru, akarudi nyumbani kwa miguu kupitia kwenye mchanga wa mto, maana ilikuwa njia ya mkato.

Alimweleza Sosthenes yote. Mumewe alizungusha rozari vidoleni bila kusali.

"Basi si wewe," alisema.

"Si mimi."

"Ungependa ingekuwa wewe."

"Ndiyo," Rozalia alisema. "Ningejua pa kuanzia."

Sosthenes hakusema tena kwamba ni mapenzi ya Mungu. Tangu jioni ile hakulisema neno hilo kabisa, na Rozalia aliona amepungukiwa kitu, kama mtu aliyenyang'anywa gongo moja. Angempa tena kama angekuwa nalo.

Mwezi wa Mei, wakati ambao zamani watu walikuwa wakivuna, Eveline alikuja. Walikuwa hawajasemezana tangu mkutano. Alipiga hodi, akaketi chini kwenye mkeka ingawa alipewa kiti, akauliza hali ya baba Silvester, akasifu hata kuku asiyekuwa na manyoya shingoni. Rozalia akamwacha azunguke mpaka achoke.

"Mama Silvester," Eveline alisema mwishoni, "nimejaribu kuchoma mwenyewe kule bondeni. Yote yamekuwa majivu. Sijui ninapokosea."

Rozalia alimtazama. Mikono ya rafiki yake ilikuwa imeungua, kucha zimeingia weusi. Alitafuta ndani ya moyo wake yale maneno aliyokuwa ameyatunza kwa ajili ya siku kama hii. Alikuwa nayo mengi, makali, na mengine ya haki kabisa. Akaona hana kazi nayo.

Ni Sosthenes aliyejibu, kutoka kwenye kigoda chake, alikosikia kwa mkewe habari zote za tanuru. "Matundu yako yanatazama upepo. Yageuze."

Kesho yake wanawake wawili wakaenda pamoja. Nyuma ya kilima hakukuwa na mti wa maana tena, wakalazimika kutembea mpaka jua likawa utosini. Rozalia alimwonyesha magogo ya kuweka chini na ya kuweka juu, na jinsi ya kubana udongo kwa mgongo wa jembe. Udongo ulikuwa mkavu mno, uliporomoka kila walipouweka, ikabidi warudie.

"Hivi," Eveline aliuliza akiwa ameinama, "ni kweli ni sisi?"

"Shika upande huo," Rozalia alisema. "Hili zito."

Wakaliinua gogo pamoja, wakalilaza mahali pake, wakafuata lingine.