Antena Imemwingiza Mzee Wangu Jikoni

Leo mzee wangu ameingia jikoni kwa miguu yake mwenyewe. Aki si uongo.

Huyu ni Baba Mutua, yule husema mwanaume wa Kikamba hafai kujua chumvi inakaa wapi.

TV yetu imekuwa ikikwama kwama, so asubuhi akanituma mjini Wote ninunue antena ya ndani.

Nikaleta. Akaijaribu juu ya kabati, nyuma ya pazia, hata juu ya kichwa cha Mutua. Wapi!

Ilishika kwa dirisha la jikoni peke yake, pale hata simu hushika vizuri. Na waya haufiki sebuleni.

Mechi inaanza saa kumi. Mzee akabeba TV mpaka jikoni, akaketi kwa kigoda changu.

Nikampatia sinia ya maharagwe. "Chambua tu ukiangalia mpira."

Akachambua! Kufika half-time ameshakoroga sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, mara mbili.

Mama yake akachungulia mlangoni, akashtuka. "Mwanangu, bibi yako ni mgonjwa?"

"Hapana, mama," akajibu bila kutoa macho kwa TV. "Ni network."

Nilitoka nje kucheka, nikajifanya nafukuza kuku.

Sasa, kwa vile hayuko Facebook, wacha niwaambie. Dukani kulikuwa na antena mbili, bei moja. Muuzaji alinisihi sana nichukue ile ya waya mrefu.

Akina mama, mngekuwa mimi mngechukua gani?