Ile Site Haikukufa, Ni Mimi Nilimufungia Muke Wangu Njia

Nianze kwa kukubali kosa, juu nikianza kwa kuzunguka nitapata njia ya kujitetea, na kujitetea ninajua sana. Nilimufungia muke wangu mulango wa maisha yake. Nilifanya vile nikikaa mu salon ya nyumba yetu, nikikunywa chai yenye alinitengenezea yeye mwenyewe.

Jina langu nitalificha. Ninaishi Bukavu, hapa Nguba, kwenye nyumba zinazoshuka kuelekea ziwa. Kazi yangu ni kutunza réseau ya shirika moja: kompyuta zikikosa internet, ni mimi wanaita. Muke wangu nitamuita Noella. Anafundisha chimie ku lycée, shule ya sekondari. Tuko na mutoto mumoja, Aline.

Tulijuana mu formation ya walimu. Mimi ndiye nilikuwa ninawafundisha. Niliwaambia mambo ya musingi: kila mashine mu internet iko na namba yake, na mashine haielewi majina. Ukiandika jina la site, mashine yako inauliza kwanza serveur ya majina, «huyu anakaa ku namba gani?» Serveur ikijibu, mashine inafuata ile namba bila kubishana. Niliwaonyesha ping, ile ya kugonga namba na kungoja kama itajibu. Niliwaonyesha na nslookup, ile ya kuuliza jina fulani linapelekwa ku namba gani. Walimu wengine walikuwa wanasinzia. Noella alikuwa anauliza, anaandika, anauliza tena. Nilimupenda juu ya yale maswali. Ona sasa!

Aline alikuwa ameanza tu kutembea vizuri wakati Noella alisikia habari ya bourse, pesa za kulipiwa masomo ya master, ku Dakar. Masomo ya kusafisha maji ya kunywa. Mutu anaishi kando ya ziwa kubwa vile na robinet inakauka kila wakati, unaelewa kwa nini alilitaka lile somo. Dossier, yale makaratasi ya kuomba, ilikuwa inatumwa ku site ya chuo tu, hakuna njia ingine. Na kulikuwa sharti ya umri. Kwake yeye, mwaka ule njo ulikuwa wa mwisho.

Hakunificha kitu. Alinikalisha, akaniuliza uso kwa uso.

«Papa Aline, ukisema hapana nitabaki, na sitakukasirikia. Lakini uniambie sasa.»

Nilimujibu aende. Nilisema mama yake ku Luvungi atatusaidia na mutoto, nilisema miaka miwili si kitu. Alilia juu ya furaha. Dimanche ile, kisha ya misa, mbele ya parokia, nilielezea watu habari hiyo kwa sauti, na wamama walinisifu kwamba wanaume kama mimi hawapatikane tena. Nilipenda sana zile sifa. Nilizitaka zote.

Lakini wivu ulikuwa unaniunguza. Mimi masomo yangu yalikatikia ku graduat, ile miaka ya kwanza ya chuo. Dada yangu mukubwa alinitania kwamba nitabakia bwana ya Madame Master na nitajipikia bugali mwenyewe. Nilicheka naye, kisha nikabeba lile neno kila mahali. Ku bureau kulikuwa pia mwenzetu mumoja, muke wake alienda kusoma Ulaya na hakurudia. Nikaanza kumuona Noella akishuka ndege na mwanaume mwingine. Alikuwa hajanikosea kitu! Hajanidanganya hata bei ya nyanya.

Siku moja ya samedi Noella alienda soko ku Kadutu na mutoto. Nikaingia mu routeur ya nyumba, ile mashine ndogo inayogawa internet. Kwetu serveur ya majina ilikuwa mule ndani ya routeur, na neno la siri nililijua mimi peke yangu. Niliandika musitari mumoja tu: mutu akiuliza jina la site ya chuo kile, umujibu namba fulani ya hapahapa nyumbani, namba isiyokuwa na mashine yoyote. Site zingine zote zingefunguka. Ile moja ingepotea. Noella aliporudi nilimupokea kikapu ku mulango.

Siku aliyotaka kutuma dossier, ukurasa ulibaki mweupe. Akaniita. Nilikaa karibu yake kama docteur kwa mugonjwa. Nikagonga kwa ping namba moja nisiyotegemea jibu, nikamwambia hiyo ni namba ya chuo. Mashine ikaandika délai dépassé, muda umepita. Kisha nikagonga namba ingine ninayojua ni nzima, nayo ikajibu mara moja.

«Unaona?» nikamwambia. «Kwetu iko muzuri. Ni site ya bale ba Dakar imekufa.»

Mutaniuliza, na simu yake? Hapa kwetu karibu na maji, simu inapenda kukamata antene za Rwanda, na unité, zile pesa za simu, zinakwisha mbio. Kwa hiyo internet ya simu alikuwa ameifunga tangu zamani, anatumia ile ya nyumba, yenye inapita ku routeur ileile. Ku lycée yao hakuna internet. Na kwa nini aende kuuliza mutu wa inje? Alikuwa na fundi ndani ya nyumba, mwenye alimufundisha yeye mwenyewe.

Alijaribu tena na tena. Akaniomba niandikie chuo kutoka bureau. Nilirudi na kumwambia kwamba nimeandika, kwamba wamejibu wanatengeneza, kwamba wataongeza muda. Hakuna barua niliyoandika. Uongo wa kwanza ulikuwa unaomba chakula, na mimi nikawa ninaulisha.

Kuna asubuhi moja ambayo mpaka leo siwezi kuikumbuka bila kuinamisha kichwa. Noella alikuwa ameomba padri aweke nia yake mu misa ya mapema. Tulienda pamoja. Kisha ya komunyo alinishika mukono, akaniambia polepole tumuombe Mungu ile site ifunguke. Nilipiga magoti kando yake. Ndugu unayenisoma, nilifunga macho na nikaomba! Na kufuta ule musitari ilikuwa kazi ndogo kuliko kufunga kamba za viatu.

Sikuufuta. Muda wa bourse ukapita.

Noella alikusanya makaratasi yake, diplôme, barua za walimu wake, akayaweka mu kabati chini ya mashuka. Kisha akanigeukia na kunishukuru. Alisema, asante, ulijaribu. Nilikula muzuri siku ile, nikadhani mambo yamekwisha.

Rafiki yake mumoja, Espérance, mwalimu wa Kalehe, ndiye alimupigia simu kumuaga. Alikuwa amepata bourse ya Dakar, ileile. Alimulaumu Noella kwa nini hakujaribu, wangeenda wawili. Noella akamweleza habari ya site iliyokufa. Espérance akashangaa. Kwake site ilifunguka kila mara, na dossier aliituma bila shida. Haya yote nilikuja kuyasikia nyuma, juu Noella alipokata simu hakuniambia neno.

Dimanche, kisha ya kula, alimulalisha Aline, akafungua kompyuta, akaniita. Alikuwa amepiga ping na jina la chuo. Namba ilikuwa pale juu ya écran ya kompyuta, na alikuwa anakumbuka somo langu lote: namba za aina ile ni za ndani ya nyumba, hazitoke inje.

«Papa Aline, hii namba ni ya hapa kwetu. Dakar iko hapa mu salon?»

Nikajibu ni virus. Hata pale! Nilikuwa bado na nguvu ya kusema uongo.

Hakubishana. Akaandika nslookup, akauliza routeur yetu. Ikajibu ileile namba. Akauliza serveur ingine ya majina, ya inje; ikajibu namba ingine kabisa. Kisha akachukua simu yake, akaitoa ku wifi ya nyumba, akafungua internet ya simu, akaandika jina la chuo. Ikafunguka. Picha ya wanafunzi wanacheka mbele ya jengo jeupe, na juu yake wameandika kwamba candidatures, maombi ya bourse, zimefungwa.

«Neno la siri ya routeur iko na nani?»

Nilimwambia iko na mimi. Nikaanza kueleza habari ya woga wangu, ya dada yangu, ya yule mwenzetu wa bureau. Aliningojea nimalize.

«Nilikuuliza,» akasema. «Ungesema hapana, ningeipokea.»

Hakulia na hakunitukana. Kesho yake alimuchukua Aline wakaenda Luvungi kwa mama yake.

Nilienda kuomba musamaha, na wajomba zangu, namna inavyotakiwa. Wazee wa kwao walimuuliza kosa langu ni gani. Alijibu tu kwamba ni mambo ya nyumba. Alinifichia aibu, mimi mwenye nilimufichia njia. Masomo ya lycée yalipokaribia kuanza tena, alirudi. Mama yake mupaka leo ananipokea vizuri, ananitilia nyama ya kwanza, na mimi ninaila nikijua kwamba yeye hajui nilichofanya.

Mutasema basi amenisamehe. Mbele ya wazee alisema amesamehe, na ninamuamini. Yeye haseme uongo. Lakini nikimwambia maji imerudi, anasimama anaenda kufungua robinet mwenyewe. Nikisema mvua inanyesha kule mujini, anapigia mutu simu. Hafanye kwa hasira. Anafanya tu, kama vile mutu anapima moto wa chungu kabla ya kukishika. Masomo ya Dakar hatuna hata njia ya kuyazungumuzia: umri umepita, na kila mwaka tangazo likitoka analisoma, anafunga simu, anaenda kusahihisha kazi za wanafunzi wake.

Wiki hii nilimwambia Aline mama yake amekubali aende kucheza kwa jirani, na ilikuwa kweli. Mutoto alinitazama, kisha akaenda kumuuliza mama yake.

Wewe mwanaume unayenisoma, kama unaogopa, sema unaogopa. Kama ni hapana, itoe mbele ya uso wake na ubebe aibu ya kukataa. Watakuita mwenye wivu, watakucheka, dada zako watakutania, kisha watachoka. Usichukue sifa za mutu mwema mchana huku umeshika ufunguo mu mufuko. Na usijidanganye kwamba hatajua juu wewe ndiye unajua mashine. Siku atajua, hautakuwa na neno lingine lenye ataamini, hata ukiwa unasema kweli.