Maji Yasiyo na Masikio

Gari likisimama nje ya duka letu pale Old Kampala, nilitapika chakula chote. Jirani yetu alichukuliwa na askari kwa gari kama hilo, mchana, mbele ya macho yangu, viatu vyake vikabaki barazani. Tangu hapo shule ikanishinda. Nchi ilikuwa mikononi mwa jeshi, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuuliza.

Babu, aliyekuwa akisomesha Kurani chuoni, aliniandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, nikanywa. Nililipenda kombe lile. Mchana kutwa dunia ilinukia waridi, nami nikaelea humo, nusu macho, nusu usingizini. Kesho yake gari likasimama, na waridi lote nikalitapika.

Ndipo mama akanipeleka hospitali kwa daktari wa maradhi ya mawazo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kivivu. Aliniuliza ninaogopa nini. Mama akadakia, "Haogopi kitu, daktari. Kwetu salama tu." Mdomo uliponza kichwa, hiyo ilikuwa dini yake ya pili. Basi dawa yangu ilikuwa maneno, na maneno ndiyo yaliyokuwa yakipoteza watu mjini.

Daktari akainuka, akafungulia bomba la sinki mpaka mwisho. "Nyabo," akamwambia mama kwa heshima ya Kiganda, "wacha mtoto aseme. Maji hii haina masikio."

Nikasema. Nakumbuka mwanga wa dirishani ukitambaa sakafuni, na sauti yangu ikienda na maji. Tukawa tunarudi kila wiki. Baadaye daktari alinikalisha ndani ya gari lake kuukuu uani mwa hospitali, ufunguo mkononi mwangu. Petroli ilikuwa adimu, kwa hiyo tuliliwasha kidogo tu, tukalizima, tukausubiri woga uje na uchoke wenyewe. Sitadanganya kwamba uliisha. Lakini nilirudi shule.

Alasiri moja gari likasimama nje. Nikavuta pumzi nilivyofundishwa, nikaenda dirishani. Hakushuka mtu, na baada ya kitambo likaondoka. Chakula changu kilitulia tumboni. Nilipogeuka, nilimkuta mama amechutama nyuma ya magunia ya mchele, ameuma kanga.

Nikamshika mkono mpaka jikoni, nikafungulia bomba.

"Sema, mama."

Maji yalitiririka sana. Kisha akalitaja jina la jirani yetu, ambalo halikuwa limetajwa nyumbani kwetu tangu siku ya viatu.