Niliingiza Pesa ya Mji Kwenye Bahasha ya Mahari

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Jina langu nalificha, ingawa waliokuwepo siku ile wananijua, na ambao hawakuwepo wameshasimuliwa. Ila nikwambie mapema wewe unayesoma: hasira iliyonisukuma bado ninayo, na leo ni kali kuliko siku ile.

Mimi ni Mkongo, nakaa hapa Durban. Nilikuwa na kazi nzuri kwenye ghala moja kule Mobeni. Akaja kijana wa mji wetu, nitamwita Dezire. Nilimlaza kwenye godoro langu, nikamlisha, nikamfundisha kupanda taxi. Naye akaenda kwa msimamizi wangu akamwambia natumia karatasi za kibali za mtu mwingine. Ilikuwa kweli, lakini nani kati yetu hakuanza hivyo? Nikafukuzwa. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyenipasulia siri, akaniambia aliyekuja kunisema ni ndugu yangu wa nyumbani. Wiki iliyofuata Dezire alikuwa amesimama mahali pangu, amevaa ovaroli yangu.

Sikumwambia kwamba najua. Nikawa nalinda magari South Beach, chini ya maghorofa, nawapungia mkono wenye magari wanipe chochote. Kila sarafu iliyodondoka kiganjani mwangu nilimlaani nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikangoja.

Siku ikaja yenyewe. Dezire alipata mchumba, binti wa Papa Anselimi, muuza vitambaa na mzee wa kanisa, naye ni wa mji wetu huohuo. Dezire akaja kwangu amejaa adabu.

"Kaka, huku wewe ndiye mukubwa wangu. Unibebee mahari."

Yaani niwe mshenga wake! Nilicheka moyoni, nikakubali.

Sasa nikueleze kitu. Miaka ya mwanzo ya uhuru, vita viliukata mji wetu na noti zikaisha benki. Ofisi ya mji ikachapisha pesa yake ya karatasi, ili watu wapate kununua chumvi na sabuni. Baadaye pesa ya serikali iliporudi, watu wakaambiwa walete zile wabadilishiwe, na tangu hapo hazinunui hata kiberiti. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa ofisi ile, na ndiye aliyezigonga muhuri. Nilijivunia jambo hilo kila mahali, hata hapa Durban. Aliniachia bunda dogo la noti zile, nami nilikimbia nalo mpaka huku, maana picha yake sina. Nilidhani kila nyumba ya mji wetu iliweka chache za ukumbusho.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kwetu bahasha ya mahari hukabidhiwa imefungwa, na shangazi wa binti huifungua mbele ya wote. Nilitoa randi za Dezire nikaziingiza kwenye soksi niliyovaa, nikajaza pesa ya mji, nikafunga vizuri. Sikutaka kuzila zile randi. Nilitaka Papa Anselimi aone mkwe anamletea pesa iliyokufa, amfukuze mbele za watu kama nilivyofukuzwa mimi. Hapo ndipo ningesimama niseme habari ya Mobeni, na kila mtu angeniamini.

Siku ya mahari, nyumbani kwa Papa Anselimi, shangazi wa binti alifungua bahasha, akazitoa zile noti, akashika kiuno.

"Hii iko nini? Munatuchekelea?"

Dezire aliruka kwenye kiti. "Papa, naapa, hii si feza yangu!"

Jasho lilikuwa linamtiririka, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nainywa aibu yake kama maji baridi. Papa Anselimi akachukua noti moja, akaenda nayo dirishani, akaigeuza mbele na nyuma. Nilingoja amrushie Dezire usoni. Akanigeukia mimi.

"Hii haina numero."

"Numero gani, Papa?"

"Feza ya mji yote ilikuwa na numero. Watu waliirudisha ikachomwa, mimi mwenyewe niliona ile moto. Hii haikugawiwa mutu. Hii ilitoka ofisini kwa mulango wa nyuma. Baba yako alikuwa karani, si ndiyo unatuambiaka kila siku?"

Yeye akaendelea, taratibu, bila kupandisha sauti.

"Baba yangu alikuwa fundi wa nguo. Karani alikuja kwetu na makaratasi kama haya, akanunua mashini ya kushona. Baba alipoenda kubadilisha, wakamuambia haina numero, aende akawashie moto. Mimi nilitoka masomo mwaka ule."

Mashine ile naijua. Mama alitulisha nayo na kutusomesha nayo, na mimi usiku nililala nikisikia sauti yake.

"Na feza ya mukwe wangu iko wapi?"

Niliinama nikavua kiatu mbele ya mabibi na watoto. Shangazi alizipokea zile randi kwa ncha ya kitenge, akigeuza pua pembeni. Ndipo nikabwata kwamba Dezire alinichongea, kwamba ovaroli anayovaa kazini ni yangu. Dezire akatikisa kichwa kwa huruma, eti kaka amechanganyikiwa na maisha.

"Eish, toka," Papa Anselimi akasema. "Nyumba yenu ilishatuibia mara moja. Inatosha."

Nilimpigia mama simu nyumbani, nikamuuliza ile mashine ilitoka wapi.

"Mulikuwa na njaa," akasema, kisha akaniuliza kama huku kuna baridi.

Ndugu unayesoma, kama kuna mtu amekuumiza, sitakudanganya kwamba usamehe. Mimi sijasamehe, na nikimwona Dezire robot, taa ya barabarani, imemsimamisha njiani, moyo wangu bado unamwombea mabaya. Nakuonya jambo moja tu. Kama una neno la kweli juu ya mtu, lisimamie hadharani likiwa safi, kabla hujatia mkono wako kwenye uchafu. Siku ile nilikuwa na neno la kweli, na wote walikuwa wamekaa kimya kunisikiliza. Ningefungua mdomo kabla ya bahasha, leo watu wa mji wetu wangemjua Dezire. Sasa ameoa, kila asubuhi anakwenda Mobeni na chakula alichopikiwa, na kati ya watu wa mji wetu tunaoijua dhambi yake ni wawili tu: yeye, na mimi ambaye siaminiki.