Mguso Asiouona Mwalimu Harieth

Mwalimu Harieth alikuwa haamini mtu. Watu wa Bariadi walimjua hivyo. Sokoni aligeuza nyanya moja moja, kwa fundi cherehani alisimama mpaka uzi wa mwisho ukatwe, na kwenye mambo ya mpira ndiyo usiseme.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa kwanza mkoani, akiwa amehamishwa kutoka Muleba kufundisha michezo, alipelekwa Migato kuchezesha fainali ya soka. Mshika kibendera akanyoosha bendera kwamba mfungaji ameotea. Harieth, aliyekuwa mbali, akamwamini na kulikataa bao. Kumbe mshika kibendera alikuwa shemeji yake kipa. Siku hiyo aliwakimbia mashabiki kwa kupitia zizi la ng'ombe la mama mmoja aliyemhurumia, kiatu kimoja mguuni, kingine kimezama kwenye samadi. Tangu hapo akaapa kutomtegemea shahidi mwingine ila macho yake.

Miaka ikapita. Kocha Joakim akarudi kutoka Dar na mchezo mgeni, mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wenye ncha mbili kama yai lililovutwa. Vijana waliozoea kubeba marobota ya pamba wakaupenda siku hiyo hiyo, maana uliwaruhusu kumkumba mtu kwa bega bila kuitwa wakorofi. Harieth akazisoma sheria zake usiku na mchana, akawa refa mkuu.

Lakini mchezo ule ulimkosesha raha kwa jambo moja. Timu hupewa nafasi nne za kusogea mbele, na ikiona imeshindwa, kwenye nafasi ya mwisho huupiga mpira kwa mguu uende mbali, kitendo ambacho vijana walikiita kuondosha. Wakati huo refa mkuu husimama nyuma ya mpigaji. Yanayotokea huko mbele, mpira unakoangukia, haoni vizuri. Ni lazima aambiwe.

Mtu wa kumwambia alikuwa mwamuzi wa huko mbele, Sharifu, mwenye duka la vitenge karibu na stendi. Alikuwa mpole, hana maneno mengi, na alimwita Harieth dada.

Jumamosi ya mchezo wa Bariadi na Mwanhuzi, Harieth alipofika uwanjani alimkuta Sharifu nyuma ya stoo ya vifaa, ameinamisha kichwa karibu na kichwa cha Constantine, kocha wa Mwanhuzi. Walipomwona wakanyamaza.

"Mwadila, mayu," Constantine akamsalimu Kisukuma, akitabasamu upesi kupita kiasi.

"Mwadila." Harieth akamgeukia Sharifu. "Mna mazungumzo?"

"Ya kawaida tu, dada."

Hata mshika kibendera wa Migato alikuwa na mazungumzo ya kawaida na kipa kabla ya mechi.  Harieth akaukagua mpira, akaubinya huku na huku. Akazikagua kofia za wachezaji. Mwisho akanyoosha mkono, akachukua kifuko cha Sharifu, kile cha kitambaa kilichojazwa mbegu za pamba, ambacho mwamuzi hukitupa chini kuweka alama mahali jambo lilipotokea. Akakipapasa.

"Unatafuta nini humo?" Sharifu akauliza.

"Mbegu."

"Ndizo hizo."

Alifikiria kumbadilisha nafasi na Domitila, mwamuzi wa tatu, lakini Domitila alikuwa bado mgeni wa kazi. Akamwacha, na shaka ikabaki moyoni kama mwiba.

Mchezo ulikuwa mkali, vumbi jeusi la mbuga likipanda mpaka kwenye meno. Zikiwa zimebaki dakika chache, Bariadi walikuwa mbele kwa kumi na mbili kwa nane. Mwanhuzi wakakwama katikati, wakaamua kuondosha. Mpigaji akaupiga mpira ukapaa, ukaanguka kule karibu na lango la Bariadi, ukadunda ovyo kama mbuzi aliyekata kamba. Wachezaji wakaukimbilia, kisha wote wakasimama wakiutazama unavyozunguka chini, kama vile umeshakufa.

Haukuwa umekufa, maana filimbi haikulia. Nassib wa Bariadi akashtuka, akauokota, akakimbia. Hakufika mbali. Akakumbwa, mpira ukamponyoka, kijana wa Mwanhuzi akaudaka na kuvuka nao mstari. Pointi sita! Mwanhuzi wamepita. Mashabiki wa Mwanhuzi waliotoka Meatu wakaingia uwanjani na vigelegele.

Katikati ya kelele hizo Sharifu akaja kwa Harieth, mkono juu.

"Mwalimu, kifuko changu kiko chini. Doto wa Mwanhuzi aliugusa kabla ya mtu yeyote wa Bariadi."

Harieth akaelewa mara moja. Sheria ilikuwa wazi. Wapigaji wakiugusa mpira kabla ya wapokeaji, wapokeaji wana haki ya kuuchukua pale pale ulipoguswa, hata kama baadaye wameuokota wakauharibu wenyewe. Zile pointi sita zingefutika. Lakini yeye hakuuona huo mguso.

Alikuwa amedhani Sharifu kanunuliwa na Mwanhuzi. Sasa neno lake lilikuwa linawaua Mwanhuzi. Mwenye shaka hakosi njia: labda lile la nyuma ya stoo lilikuwa geresha, labda anawapendelea wateja wake wa Bariadi.

"Domitila, wewe umeona nini?"

"Nilikuwa nawaangalia wanaokumbana, Mwalimu. Mguso sikuuona."

"Na Bariadi hawakufanya kosa lolote?" Maana wangefanya kosa, haki ile ingeweza kupotea.

"Hakuna."

Kwa mbali Harieth akamwona Doto. Wenzake walikuwa wanarukaruka. Yeye alisimama peke yake. Lakini refa hahukumu kwa sura ya mtu. Akamtazama Sharifu machoni.

"Una uhakika?"

"Ningekuwa sina, nisingetupa."

 Harieth akatembea mpaka kwenye kifuko, akauweka mpira hapo, na kuonyesha kwa mkono kwamba ni wa Bariadi.

Constantine akaja mbio, mishipa ya shingo imemsimama. "Sheria gani hiyo? Kauokota mwenyewe, kauangusha mwenyewe!"

"Mlishaugusa kwanza. Wana haki ya kurudi hapa, hata wakiharibu."

"Hata wakiharibu?"

"Hata wakiharibu."

"Nilijua!" akafoka. "Ndiyo maana nilimuuliza huyu mwenzako habari zako kabla ya mechi. Nassib ni mwanafunzi wako! Nikamuuliza, huyu mama ataegemea Bariadi? Akaniambia, yule haegemei mtu, hata mimi haniamini."

Harieth akageuka kumtazama Sharifu. Kumbe aliyekuwa akichunguzwa nyuma ya stoo ni yeye, na aliyemtetea ndiye yule ambaye yeye alimkagua kifuko.  Sharifu aliinama, akakiokota kifuko, akakikung'uta vumbi.

Bariadi wakashinda. Jioni watu wakagombania video za simu, lakini zote zilionyesha vumbi tu, na Mwanhuzi mpaka leo wanasema waliibiwa.

Jumatatu Harieth akaenda dukani kwa Sharifu.

"Kwa nini hukuniambia mlichozungumza?"

Sharifu aliendelea kukunja kitenge. "Ungeniamini?"

 Harieth akasema samahani, neno ambalo lilimtoka kwa shida, na Sharifu akaitikia kwa kichwa tu. Hapo hapo Harieth akamwomba jambo: mchezo unaofuata, kule Nkoma, Sharifu awe refa mkuu, yeye aende kule mbele mpira unakoangukia.

Huko Nkoma, mpira wa kwanza kuondoshwa uliruka ukatoka nje ya mstari mbele ya Harieth, mahali ambapo hakuna mwingine aliyeuona. Watu wakaanza kubisha. Harieth akasimama mahali ulipotokea nje, akanyoosha mkono. Alikuwa ameshaandaa maneno ya kujieleza. Sharifu akaja, akauweka mpira palepale alipoonyeshwa, akapuliza filimbi mchezo uendelee, wala hakumuuliza.